Kutafuta Chanzo cha Hitilafu: Mfano wa Seva Mpya Isiyoamka

Katika masomo ya TEHAMA vyuoni mwetu, mwanachuo hufundishwa mapema jinsi ya kutumia kompyuta iliyo nzima. Hufundishwa kuandika barua, kupanga alama za wanafunzi katika majedwali, na kuonyesha picha ukutani kwa projekta. Ni nadra kufundishwa afanye nini siku ile mashine inapokataa. Lakini katika shule nyingi atakazopelekwa, fundi yuko mbali na fedha za kumwita ni haba. Na mtu wa kwanza kuulizwa na mwalimu mkuu atakuwa ni yeye, mwalimu mpya aliyetoka chuoni. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu huyo, na zaidi ya hayo kuonyesha kwamba kutafuta chanzo cha hitilafu ni mbinu inayofundishika, wala si kipaji cha mafundi peke yao.

Mfano tuliouchagua ni seva ya kuhifadhia. Hii ni kompyuta isiyo na kazi nyingine ila kutunza mafaili katika diski kadhaa na kuyagawa kwa kompyuta nyingine kwa njia ya mtandao wa ndani. Majumbani watu huitumia kutunza picha, nyaraka na filamu. Shuleni yaweza kutunza maandalio ya masomo, mitihani iliyopita na orodha za mahudhurio. Na ikiwekewa programu kama Kiwix, yaweza hata kuwapa wanafunzi makala za Wikipedia pasipo kuwa na intaneti. Mtu yeyote aweza kuinunua ikiwa tayari imeundwa, lakini wengi hupendelea kuiunda wenyewe kwa vipande, vingine vipya na vingine vya kompyuta kuukuu, kwa sababu gharama hupungua. Kisha, kazi ikiisha na kitufe kikibonyezwa, mara nyingi hakuna kitokeacho. Au feni huzunguka na skrini ikabaki nyeusi. Au maneno ya Kiingereza hutokea kwenye skrini yakisema kwamba hakuna kifaa cha kuanzia.

Kabla ya kuendelea, yafaa tutofautishe maneno mawili ambayo katika usemi wa kila siku huchanganywa. Mashine ikipata umeme, taa zake zikang'aa na feni zikazunguka, twasema imewaka. Ikisoma mfumo endeshi wake kutoka katika diski na kuwa tayari kutumika, twasema imeamka. Seva yaweza kuwaka bila kuamka, kama vile mtu awezavyo kufumbua macho bila kuinuka kitandani. Mwanachuo asemaye "haifanyi kazi" hajasema kitu; asemaye "inawaka lakini haiamki" amekwisha kutupunguzia nusu ya kazi.

Mnyororo wa kuamka

Jambo la msingi ni kwamba kuamka kwa kompyuta ni mnyororo, na kila pete hutegemea ile iliyoitangulia. Pawa saplai ya kawaida ikichomekwa ukutani hutoa kwanza mkondo mdogo wa kusubiri wa volti 5. Kitufe kikibonyezwa, ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita madabodi, huiamuru pawa saplai ifungue mikondo yake mikubwa ya volti 12, 5 na 3.3. Mikondo hiyo ikitulia, pawa saplai hupeleka ishara kwamba umeme ni mwema. Hapo ndipo prosesa inapoanza kusoma maagizo yaliyomo katika chipu ndogo ya madabodi. Programu hiyo ya ndani ya chipu kwa desturi huitwa BIOS, ingawa katika mashine za siku hizi jina lake halisi ni UEFI.

BIOS hukagua prosesa, kisha kumbukumbu, kisha njia ya kuonyesha picha. Ikiridhika, hutafuta diski au flashi yenye mfumo endeshi. Ikiipata, huita programu ndogo ya kuanzisha, nayo huita kiini cha mfumo. Kiini hutambua vifaa, hufungua diski za kuhifadhia, na mwisho huanzisha huduma za kugawa mafaili.

Mwalimu asiyeujua mnyororo huu hana budi kubahatisha. Anayeujua atauliza swali moja tu: mwendo umefika wapi? Pete iliyokatika haiwezi kuwa nyuma ya mahali ambapo mwendo umekwisha kufika. Kama maandishi yoyote yameonekana kwenye skrini, basi pawa saplai, prosesa, na walau sehemu ya kumbukumbu vimetenda kazi yake, na hakuna maana ya kuanza kuvifungua tena.

Tunasisitiza hili kwa sababu tumeona darasani jinsi mwanachuo mwerevu anavyoweza kupoteza saa mbili. Skrini imemwambia wazi kwamba diski haikuonekana, naye anang'oa prosesa. Ukimwuliza kwa nini, hujibu kwamba prosesa ndiyo kitu cha thamani zaidi. Thamani ya kitu haina uhusiano na uwezekano wa kuharibika kwake. Ukweli ni kwamba prosesa ni miongoni mwa vipande visivyoharibika kwa urahisi. Kebo ya bei ndogo iliyochomekwa nusu ndiyo adui wa kawaida.

Masharti mawili kabla ya kugusa

Kwanza ni usalama wa mtu. Umeme wa ukutani kwetu ni wa volti 230. Waya wa ukutani uchomolewe kabla mkono haujaingia ndani ya kasha, na kitufe cha kuwashia kibonyezwe mara moja baada ya kuchomoa ili mabaki ya umeme yatoke. Pawa saplai yenyewe isifunguliwe kamwe darasani, hata kama imechomolewa, maana ndani yake mna vihifadhi umeme vinavyoweza kubaki na chaji ya hatari.

Pili ni usalama wa data, na hapa ndipo hasara isiyolipika hutokea. Mara nyingi diski zinazowekwa katika seva mpya si tupu. Moja yaweza kuwa imetoka katika kompyuta ya zamani ya ofisi, ikiwa na alama za wanafunzi wa miaka kadhaa ambazo hazipo mahali pengine. Mashine ikikataa kuamka, mwunganishi aliyekata tamaa huingiza flashi ya kusakinishia na kuanza upya. Programu humwuliza ni diski ipi ifutwe, naye huchagua kwa kukisia. Madabodi hununuliwa tena. Alama za mtoto aliyemaliza darasa la saba mwaka wa juzi hazina duka. Kwa hiyo sharti letu ni hili: diski zenye data zisichomekwe kabisa mpaka seva imeamka mara kadhaa bila tatizo kwa kutumia diski yake ya mfumo peke yake. Hata hapo, nakala ya data iwepo kwanza mahali pengine.

Seva isiyowaka

Hali hii hutisha zaidi, lakini ndiyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa pete zinazohusika ni chache. Je, soketi ya ukutani ina umeme? Ichomekwe taa ili kuijaribu. Je, swichi ndogo iliyo nyuma ya pawa saplai imewashwa? Je, kebo kubwa ya pini 24 imeingia hadi ndoano yake ikalia? Inahitaji nguvu ya mkono kuliko wengi wanavyotazamia.

Yakikosekana hayo, tazama nyaya nyembamba za kitufe cha mbele ya kasha. Nyaya hizi huchomekwa juu ya pini ndogo zilizo pembeni mwa madabodi, na ni rahisi kuzikosea kwa safu moja. Kuna jaribio jepesi: ziondolewe, kisha ncha ya bisibisi iziguse kwa nukta moja zile pini mbili za kuwashia, baada ya kuzitambua katika kijitabu. Mashine ikiwaka, madabodi na pawa saplai ni vizima, na kosa liko kwenye kitufe au nyaya zake.

Mashine ikiwaka kwa nukta moja na kuzima papo hapo, shuku mguso wa umeme usiotakiwa. Madabodi hukaa juu ya viguzo vidogo vya shaba vinavyoitenga na bati la kasha. Kiguzo kimoja kikiwekwa mahali pasipo na tundu la skrubu, hugusa njia za umeme zilizo chini ya ubao. Dawa ni kuitoa madabodi nje na kuijaribu ikiwa juu ya boksi lake la karatasi ngumu.

Inawaka, skrini ni nyeusi

Hapa ndipo matatizo mengi ya seva mpya yalipo, nasi tutakaa hapa kidogo.

La kwanza kuangalia ni kebo ya pili ya umeme, yenye pini 4 au 8, inayochomekwa karibu na prosesa. Wapya wengi huisahau kwa kudhani kwamba ile ya pini 24 inatosha. Feni zitazunguka na taa zitang'aa, lakini prosesa haina chakula.

Baada ya hapo, iangaliwe kumbukumbu. Vipande vyake vitolewe vyote, kirudishwe kimoja tu, katika nafasi iliyotajwa na kijitabu. Katika madabodi nyingi zenye nafasi 4 nafasi hiyo ni ya pili kutoka kwenye prosesa, wala si ya kwanza kama mtu angedhani. Kisha kuna mtego unaowapata hasa wanaonunua vipande vilivyotumika. Kumbukumbu za aina inayotengenezwa kwa ajili ya seva kubwa za makampuni, zile zenye chipu ya rejista, huuzwa kwa bei nafuu, na zile za kizazi cha DDR4 huingia barabara katika nafasi za madabodi ya kawaida. Huingia, lakini hazifanyi kazi. Mwuzaji hajasema uongo, kipande ni kizima, na mnunuzi ataamini kwamba madabodi yake ni mbovu. Kusoma maandishi madogo kabla ya kulipa ndiyo kinga pekee.

Kwa kumbukumbu za kizazi cha DDR5 kuna jambo jingine. Mashine ikiwashwa kwa mara ya kwanza, BIOS hujipima na kujirekebisha kulingana na vipande ilivyovikuta, na shughuli hiyo yaweza kuchukua dakika kadhaa huku skrini ikiwa nyeusi tupu. Anayezima baada ya nusu dakika huikatiza kazi hiyo na kuianzisha upya kila mara. Hapa subira ni hatua ya kiufundi kama hatua nyingine. Iandikwe katika daftari: "tumengoja dakika 10".

Yamkini prosesa ni mpya kuliko BIOS. Madabodi iliyokaa dukani muda mrefu yaweza kuwa na BIOS iliyoandikwa kabla prosesa hiyo haijatoka kiwandani, hivyo haiitambui. Watengenezaji huchapisha orodha ya prosesa zinazokubaliwa na toleo la BIOS linalohitajika kwa kila moja. Baadhi ya madabodi huweza kupokea BIOS mpya kutoka katika flashi bila hata kutumia prosesa. Kazi hiyo isifanywe siku ambayo umeme unakatika-katika, kwa maana umeme ukikatika katikati, chipu yaweza kubaki na maagizo nusu, na hapo mashine iliyokuwa na ugonjwa mdogo inakuwa na mkubwa.

Mwisho, huenda hakuna ugonjwa wowote. Prosesa nyingine hazina uwezo wa kutoa picha. Kwa mfano, zile za Intel ambazo jina lake huishia kwa herufi F. Pasipo kadi ya picha, skrini itabaki nyeusi milele. Baadhi ya madabodi hukataa kuendelea katika hali hiyo, lakini nyingine huendelea zikaamka kimyakimya. Aliyekwisha kusakinisha mfumo na atazame kwenye ruta kama kuna kifaa kipya kilichopewa anwani. Imetokea zaidi ya mara moja kwamba mashine iliyodhaniwa imekufa ilikuwa ikifanya kazi gizani.

Madabodi yenyewe pia husema, kwa anayejua kuisikiliza. Nyingi za siku hizi zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, na ile inayobaki inang'aa ndiyo pete iliyokatika. Nyingine hulia, na idadi ya milio huelezwa katika kijitabu. Iwapo mipangilio ya BIOS yenyewe imevurugika, hurudishwa katika hali ya kiwandani kwa jampa maalumu, au kwa kutoa betri ndogo ya volti 3 mashine ikiwa imechomolewa.

Inaona, lakini haina cha kuanzia

Mara skrini inapoonyesha jina la mtengenezaji na kisha kulalamika kwamba haikupata mfumo, kazi imehama kutoka kwenye umeme na kuingia kwenye mipangilio. Ingia ndani ya BIOS, utazame orodha ya diski. Swali ni moja: je, diski ya mfumo imeorodheshwa?

Kama haimo, tatizo ni la njia. Diski ndogo za aina ya M.2, zinazofanana na ubao mwembamba, ziko za namna mbili, NVMe na SATA, na nafasi ya madabodi yaweza kukubali namna moja tu ingawa zote zinaingia. Zaidi ya hayo, katika madabodi kadhaa nafasi ya M.2 hushirikiana njia na milango fulani ya SATA. Ukiijaza, mlango mmoja au miwili hufungwa kimya. Jambo hili halionekani kwa macho. Limeandikwa katika kijitabu kwa herufi ndogo, na aliyesoma kijitabu atalipata kwa dakika tano.

Kwa diski kubwa za kuhifadhia kuna kisa cha pini ya tatu. Kanuni za SATA toleo la 3.3 za mwaka 2016 ziliipa pini ya tatu ya plagi ya umeme kazi mpya, yaani kuizima diski kwa mbali. Pawa saplai za zamani hupeleka volti 3.3 katika pini hiyohiyo. Diski yenye kanuni mpya, hasa iliyotolewa ndani ya kasha la nje la USB, huipokea volti hiyo kama amri ya kulala, na haizunguki kabisa. Ikitumiwa kebo inayobadili plagi ya kale ya pini 4, isiyo na volti 3.3, diski huamka. Tunakitaja kisa hiki kwa sababu ni mfano wa hitilafu ambayo haina kipande kibovu: diski ni nzima, pawa saplai ni nzima, na bado havielewani.

Kama diski imo katika orodha lakini haianzishwi, angalia mpangilio wa zamu. Kuongeza diski mpya mara nyingine huvuruga zamu, na seva ikajaribu kuanzia kwenye diski ya data. Angalia pia kama mfumo ulisakinishwa kwa njia ya UEFI huku BIOS ikiwa katika hali ya kale, au kinyume chake. Hali ya kale ina mpaka ambao mwalimu wa Hisabati ataufurahia: jedwali lake la MBR huhesabu vipande vya diski kwa tarakimu 32 za jozi, nacho kila kipande kina baiti 512. Zidisha 4,294,967,296 kwa 512, utapata baiti 2,199,023,255,552, yaani kama terabaiti 2.2. Kinachozidi hapo hakihesabiki.

Kuhusu flashi ya kusakinishia, kunakili faili la mfumo ndani yake kama mtu anakilivyo barua hakutoshi. Lazima liandikwe kwa programu maalumu inayoigeuza flashi nzima kuwa kifaa cha kuanzia.

Inaanza, kisha inakwama

Hitilafu za hatua hii hujitokeza aghalabu siku ya pili, baada ya sherehe. Katika mifumo ya jamii ya Linux, faili liitwalo fstab huorodhesha diski zinazopaswa kufunguliwa. Ukiziandika kwa majina kama sda na sdb, majina hayo yaweza kubadilishana kila diski nyingine inapoongezwa, kwa kuwa hugawiwa kufuatana na jinsi diski zinavyotambuliwa. Mfumo humngoja asiyekuwapo, kwa kawaida sekunde 90, kisha hujifungia katika hali ya dharura. Dawa ni kutumia namba ya utambulisho ya kudumu ya kila diski, na kwa diski zisizo za lazima kuongeza neno linaloruhusu mfumo kuendelea hata zikikosekana.

Hesabu ya umeme nayo hujitokeza hapa. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka yaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye mkondo wa volti 12, yaani wati 24. Diski 6 zikianza kwa pamoja ni wati 144 kwa ajili ya kuzungusha tu, kabla prosesa haijahesabiwa. Seva inayoamka vema ikiwa na diski 2 na kukwama ikiwa na 6 inatuambia jambo, ikiwa tutasikiliza. Iongezwe diski moja moja, na kila mara iamshwe.

Wala tusidanganywe na mashine inayoamka katika jaribio la tatu bila sababu. Iliyopona yenyewe itaugua yenyewe. Iachiwe usiku mzima programu ya kupima kumbukumbu, kama Memtest86+, na kosa hata moja likionekana, seva isikabidhiwe faili la mtu yeyote.

Kuipeleka mbinu darasani

Kwa wanachuo tunapendekeza vikundi vya watu wanne, kila mtu na wajibu wake: msomaji wa kijitabu, mwenye mikono, mwandishi, na mwulizaji. Mwenye mikono haruhusiwi kugusa kitu mpaka mwulizaji ameuliza, "Tunatazamia nini kitatokea?" na mwandishi ameandika jibu. Sharti la pili ni kubadili kitu kimoja tu kwa kila jaribio. Wanaobadili vitu vitatu kwa mkupuo na kufanikiwa hawajui kilichowaponya, na kesho watavibadili tena vyote vitatu. Zamu zibadilishwe kila kipindi, la sivyo kijana aliyewahi kukaa katika duka la kutengeneza simu atashika bisibisi muhula mzima na wenzake watakuwa watazamaji.

Katika shule ya msingi hatuhitaji seva. Tochi inatosha, na mnyororo wake ni mfupi: betri, swichi, balbu, na bati la kurudishia umeme. Tochi nyingi za dukani siku hizi zina taa zilizogandishwa ndani zisizoondoleka, basi mwalimu aunde yake kwa betri mbili, waya, balbu ndogo na kipande cha ubao. Kila kikundi kipewe mbili, moja nzima na moja iliyofichwa kosa: kipande cha karatasi kati ya betri, betri iliyogeuzwa, balbu iliyoungua, au waya uliokatika ndani ya ganda lake. Wanafunzi waandike kwanza wanachokiona, ndipo waguse.

Wengi wataanza kuhamisha vipande vizima kutoka tochi njema kwenda mbovu, kimoja kimoja, na kwa kosa moja njia hiyo hufaulu. Lakini mwalimu akiandaa tochi moja yenye makosa mawili, njia hiyo itashindwa, kwa kuwa kila kipande kizima kinachoingia kinakuta kosa jingine likisubiri. Waachwe wahangaike kidogo. Iwapo hakuna atakayegundua, aulizwe mmoja wao: itakuwaje tukikipeleka kipande kinachoshukiwa kwenye tochi njema, badala ya kuleta kizima kwenye mbovu? Hapo kila kipande hupimwa peke yake, na makosa mawili hujitenga. Ndiyo sababu fundi mzuri huipima kumbukumbu inayoshukiwa katika kompyuta nyingine iliyo nzima, akiwa na hakika kwamba ni ya aina inayokubaliwa huko, badala ya kurundika vipande vipya ndani ya seva iliyokwama.

Katika kusahihisha, alama nyingi ziende kwenye daftari. Kikundi ambacho tochi yake haikuwaka lakini kimeandika majaribio sita kwa mpangilio, kila moja na matokeo yake, kimefanya kazi zaidi ya kile kilichoitikisa tochi ikawaka. Wanafunzi watalalamika mara ya kwanza. Mwalimu aandae betri za akiba, walau jozi moja kwa kila vikundi viwili, na azipime asubuhi ya siku ya somo, maana betri iliyochoka ni kosa la tatu ambalo hakulikusudia.